Josho la Nesi

Nesi alitaka kulala ndani ya maji. Kuoga alikuwa anaoga kama sisi sote, kwa ndoo na kopo, asubuhi na jioni, na joto la Oktoba likipamba moto hata mara tatu. Lakini kuoga si kulala. Yeye alitaka kunyoosha miguu, alale chali, maji yamfike kidevuni, na asiwepo mtu wa kumwita. Hayo aliyatamani Bariadi, mtaa wa Somanda, mahali ambapo bomba letu lilikuwa likitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo mbili lilianza kwanza kwa kukohoa.

Beseni la kulala alilijua vizuri. Kwa miaka kumi na moja alikuwa Uingereza akilea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaogesha. Kuna kiti cha umeme, alitueleza, mzee anakaa, unabonyeza, kiti kinashuka majini polepole kama mwari anayeshuka ngazi. "Nimewatumbukiza watu wengi majini kuliko mchungaji wa Kipentekoste," alisema, "na mimi mwenyewe sijaloa hata kisigino. Sheria. Mfanyakazi haruhusiwi."

Aliporudi, kitu cha kwanza alichomwita fundi bomba kukipima kilikuwa chumba cha kuogea. Fundi alisikiliza, akatembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi, akajikuna.

"Nesi, hilo unalolisema si bafu. Hilo ni josho. Kule Sapiwi tunapitishia ng'ombe."

"Ndiyo," Nesi akajibu, "na wewe ndiye kupe wa kwanza nitakayemtoa."

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaliita josho, na yeye mwenyewe akaliita josho, ingawa kwa zaidi ya miaka minne halikuwepo. Lilikuwa limechorwa kwa chaki sakafuni, na kila mgeni aliyeomba kwenda kunawa alionywa asilikanyage.

Nakiri hapa mapema, kwa sababu nisipokiri sasa nitaendelea kuifuta sentensi hii: mimi ni mtu wa wasiwasi. Kidato cha nne sikufaulu vizuri. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi ya mtumba iliyokatika kurasa za mwisho, ikaishia herufi S. Mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanzia T kwenda mbele nayatumia kwa woga, kama mtu anayevuka mto Simiyu masika bila kujua kina. Nina meza katika steshenari moja karibu na stendi, kompyuta, na printa yenye tabia ya kutafuna karatasi. Kazi yangu ni kujaza fomu za watu: ajira, mikopo ya chuo, vyeti vya kuzaliwa. Nukta ikitoka hafifu nachapa upya. Ndiyo maana Nesi aliniita Nukta. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na hajawahi kuniita jina lingine.

Yeye naye hakuwa nesi. Hilo aliwaeleza watu mpaka akachoka. Kule alikuwa mlezi, hakupewa sindano wala dawa. Lakini hapa kwetu ukishavaa kandambili nyeupe na ukajua kupima homa kwa mgongo wa mkono, wewe ni nesi, na watu waliamka saa kumi na mbili asubuhi kumpelekea majipu. Hakumfukuza mtu. Alimsikiliza, akamwosha mikono, akamkaripia, kisha akampandisha bodaboda kwenda hospitali.

Mikono ilikuwa dini yake ya pili. Nyumbani kwake ulinawa kwa urefu wa Baba Yetu moja nzima, yeye amesimama pembeni akikusikiliza. Ukiharakisha unarudia. Nimemwona mfanyabiashara wa pamba, mtu mzima mwenye gari mbili, ametiwa kizuizini kwenye karai la Nesi kwa sababu aliruka "mkate wetu wa kila siku".

"Mayu, nina haraka," yule bwana alilalamika, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Vijidudu havina haraka. Anza. Baba yetu."

Kwa upande mwingine, mwanamke huyuhuyu hakuweza kutunza karatasi wala miwani. Miwani aliitafuta ikiwa kichwani. Karatasi zake muhimu ungeziona zimefungia vitunguu. Risiti ya umeme aliwahi kuikunja akaikandamizia mguu wa meza uliokuwa mfupi, na alipokuja kuihitaji tulilazimika kuchagua kati ya risiti na chai.

Chai aliinywa saa kumi kamili, desturi aliyokuja nayo, ya maziwa mengi, lakini badala ya biskuti alichovya michembe. Vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo sisi tumekula mpaka tumevidharau, yeye alivihifadhi ndani ya kopo la bati chini ya kitanda kama dhahabu. Alikuwa mkarimu kwa kila kitu. Ungemwomba kuku angekupa na pilipili. Michembe hakugawa. "Kule niliiota," alisema. "Nililia usingizini kwa ajili ya kiazi. Wewe umewahi kulilia kiazi? Basi acha mkono wako hapohapo."

Jambo moja zaidi, nalo ndilo lililotuponza. Nesi hakumwacha mtu aondoke bila kumuuliza, "Utarudi?" Aliwauliza wote. Padre akishuka ngazi: utarudi? Bodaboda akipokea nauli: utarudi? Mara moja tulimsindikiza shemeji yake stesheni ya Malampaka, na treni ilipoanza kusogea Nesi alikimbia sambamba na kichwa cha treni, kandambili mkononi, akimpigia kelele dereva: "Baba! Utarudi?" Dereva akachungulia, akapiga honi, akajibu, "Ndiyo, mayu, Ijumaa!"

Jibu lilikuwa moja tu. Ulisema ndiyo. Hata kama unahama mkoa, hata kama umekuja kukata umeme. Mtu anayeondoka nyumbani kwa watu akasema sitarudi, Nesi alieleza, huyo amewatemea mate chunguni.

Sasa kodi. Siku moja alikuja mezani kwangu na simu, ameishika kwa vidole viwili kama panya. Mwenzake wa zamani kule alikuwa amemwandikia akimuuliza kama alishadai kodi yake iliyozidi. Nesi alidhani anatapeliwa. Mimi niliposoma neno "tax" moyo ulinidunda. T! Nje ya kamusi yangu! Nilisoma wiki tatu. Nilisoma kurasa za ofisi ya kodi ya kule, nikasoma maswali ya watu waliohama, nikasoma mpaka majibu ya watu waliokuwa wanatukanana, nisije nikakosa kitu.

Nilipokuja kumweleza nilikuwa nimeandaa kurasa nne. Alinikatiza ya kwanza.

"Nukta. Kwa Kiswahili cha ng'ombe."

"Haya. Kule mwaka wa kodi unaanza Aprili. Kila mtu ana sehemu ya mshahara wake wa mwaka ambayo haikatwi kodi. Sehemu hiyo wanaigawa kidogokidogo kwa kila mwezi, kwa kuamini utafanya kazi miezi yote kumi na miwili. Wewe uliondoka Agosti. Miezi iliyobaki hukupata mshahara, na ile sehemu yako hukuitumia yote. Kwa hiyo walichokukata kilizidi."

Akakunja uso. Nikaongeza, "Ni kama umelipia josho ng'ombe wako mwaka mzima, halafu ukamhamishia Lagangabilili Agosti."

"Ahaa! Nirudishiwe dawa ambayo ng'ombe wangu hakuogea!"

"Hiyohiyo."

"Na inatosha?"

"Inatosha nini?"

"Josho, Nukta! Inatosha josho?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu, mara saba. "Inatosha josho, simtanki, fundi, na chenji."

Alisimama katikati ya steshenari, watu wakiwa kwenye foleni ya fotokopi, akapiga vigelegele. Kisha akaninong'oneza, "Kwa hiyo tunamdai Mfalme?" Nikamwambia kwa namna fulani, ndiyo. Akatoka nje ananyata, kama mtu asiyetaka Mfalme asikie.

Lakini kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kudai kuna ukomo. Miaka ilikuwa imekwenda tangu arudi, na mwaka wake ule ungefungwa mwezi wa Aprili uliokuwa unakuja. Baada ya hapo, kwisha. La pili, tulihitaji karatasi aliyopewa na mwajiri siku ya kuacha kazi, inayoonyesha alilipwa nini na kukatwa nini.

"Ipo," alisema Nesi.

Tulifungua vitunguu. Tulipindua godoro. Tulimwaga kopo la michembe, na akanipa mmoja kwa uchungu wa tukio, ndipo nikajua hali ni mbaya. Siku tatu. Usiku nilikuwa naamka kufikiria mahali ambapo mimi, kama ningekuwa karatasi, ningejificha.

Jumapili nilikaa kanisani nyuma ya kwaya. Nesi ni sauti ya pili. Padre alikuwa kwenye mahubiri, joto limekaza, Nesi anajipepea kwa kitabu chake cha nyimbo kilichovishwa jalada la karatasi na nailoni juu. Jalada lilipita mbele ya macho yangu, likarudi, likapita. Nikaona tarakimu. Nikaona neno linaloanza na T. Wakati huohuo Padre alikuwa ameinua mkono akiuliza, kama wanavyouliza bila kutaka jibu, "Je, yupo kati yetu aliyeuona wema wa Bwana wiki hii?"

"Ndiyo huo hapo!" nikapiga kelele.

Kanisa zima liligeuka. Padre mwenyewe alipoteza mstari. Nesi alitazama kitabu, akanitazama, akaelewa, na badala ya kunyamaza kama watu wazima, akaanzisha vigelegele, kwaya ikadhani ni ishara, ikaingia na wimbo. Mahubiri yaliishia hapo. Padre alituambia baadaye kwamba alikuwa na kurasa mbili zaidi, na waumini kadhaa walitushukuru kwa siri.

Karatasi ilikuwa safi. Nailoni ya kitabu cha nyimbo iliitunza kuliko benki.

Fomu niliijaza kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa na nakala tisa za majaribio. Siku ya mwisho nilimwita mezani, naye akaja bila miwani.

"Nisomee kwa Kiswahili," alisema. "Kiingereza nilikiacha uwanja wa ndege."

"Iko kichwani."

"Nini, Kiingereza?"

"Miwani."

Aliishusha, ikawa na grisi ya mafuta ya nywele, hakuona kitu. Basi nikasoma, yeye akatia tiki kwa mkono wake, kwa sababu alisema tiki na sahihi ni vya mwenyewe. Tulikuwa tumefika swali la karibu na mwisho. Umeme ulikuwa umeanza kupepesa. Mteja mmoja alikuwa anagonga meza kwa sarafu. Swali liliuliza kama unakusudia kurudi kuishi katika nchi ile. Mimi, mtu wa kuchapa upya kwa ajili ya nukta, nilisema:

"Hapa wanauliza utarudi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama amelelewa.

"Ndiyo," alisema, akakandamiza tiki mpaka kalamu ikatoboa.

Nikaweka kwenye bahasha. Ukurasa ule mmoja, kati ya kurasa zote nilizowahi kuandaa maishani, sikuurudia kuusoma. Nilienda posta nikiimba.

Jibu lilikuja msimu wa kupalilia pamba. Walikuwa wastaarabu. Waliandika kwamba kwa kuwa mama huyu ameeleza anakusudia kurudi kuishi kule, hawawezi kumhesabu kuwa ameondoka kwa namna aliyodai. Kama kuna makosa, aandike na kutia sahihi, ifike kabla ya tarehe waliyoitaja. Vinginevyo faili litafungwa. Nilihesabu. Kati ya siku ile na tarehe yao, ukitoa siku za posta, zilibaki siku kumi na tisa.

Sikula. Nilipanga namna ya kumwambia, nikaandika maneno kwenye karatasi, nikayasahihisha, nikabisha hodi.

"Nesi, nimeua josho."

Nilimweleza yote. Kwamba kosa ni langu. Kwamba niliacha neno moja, "kuishi". Nilitegemea hasira. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Neno moja! Wewe, Nukta!"

"Usinicheke. Tutaandika barua leo. Unasema hutarudi, unatia sahihi, basi."

Kicheko kikakatika. "Siandiki hivyo."

"Nesi, wanauliza kurudi kuishi. Kuishi."

"Mtu akirudi mahali siku tatu, siku hizo tatu anakuwa haishi? Amekufa?"

"Kuishi na kusalimia ni vitu viwili."

"Kwa kamusi yako iliyokatika."

Ndipo akanisimulia kuhusu Bibi wa Chumba Namba Sita. Nilikuwa nimemsikia katika hadithi zake, kikongwe mwenye maneno makali aliyewarushia walezi wengine kijiko, lakini kwa Nesi alitulia. Hakuwa na mgeni. Jumapili wenzake walitembelewa, yeye aliketi na Nesi, na Nesi akamfundisha kusema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Siku ya kuondoka, Bibi alimshika aproni akamuuliza swali lile ambalo Nesi huwauliza wote, na ambalo kule, kwa miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kumuuliza yeye: utarudi?

"Nikasema ndiyo. Sasa nimwambie ndiyo kwa mdomo, hapana kwa kalamu? Kwa ajili ya beseni?"

 Nilirudi nyumbani nikaandika barua kumi na moja za aina tofauti, zenye ujanja wa kila namna, na kila moja alinirudishia juu ya ukuta, imekunjwa vizuri, wakati mwingine imefungia kitunguu. Siku zilikuwa zinakwenda. Na fundi bomba, ambaye alikuwa ameshaambiwa hela zinakuja, alikuwa amechimba mtaro kutoka chumba cha kuogea mpaka kwenye migomba. Kila asubuhi alipita kuuliza, "Josho limefikia wapi?" na kila asubuhi tulimtoa mbuzi wa jirani mtaroni.

Zikiwa zimebaki siku sita nikakata tamaa ya barua. Nikamwambia, "Basi muulize Bibi mwenyewe."

 Sidhani alikuwa amewahi kuliona hilo kama jambo linalowezekana. Saa kumi ya chai, ambayo kule ni mchana, tulimpigia mwenzake wa zamani kwa video, naye akatembea na simu korido nzima mpaka chumba cha sita. Uso ulijaa kioo, mweupe, umekunjamana, jicho moja limefumba.

"Mwangaluka!" Bibi akapiga kelele.

"Mhola duhu, Bibi! Mwangaluka!" Nesi alikuwa amesimama, ameshika simu kwa mikono miwili, na machozi na michembe vyote viko mdomoni. Akanigeukia. "Anajua hiyo moja tu. Kwake saa zote ni asubuhi."

Kisha akamweleza kwa Kiingereza chake, kile alichosema amekiacha uwanja wa ndege. Kilikuwa kimefika chote, hakijapoteza hata begi. Alieleza kodi, fomu, swali, na msichana mmoja jirani mwenye wasiwasi aliyeruka neno. Bibi alitaka kuniona. Nesi akanigeuzia simu. Akatikisa kichwa.

"Na hela ni za nini?" aliuliza.

"Za beseni la kuogea. Langu."

Bibi alianza kucheka bila sauti, mabega yanaruka. Alipotulia alisema jambo ambalo nililiandika palepale kwenye kiganja ili nisilikosee:

"Waambie hapana. Mimi na wewe tutajua ni ndiyo."

"Kweli, Bibi?"

"Na ujaze mpaka kidevuni. Mimi hukuwahi kunijazia mpaka kidevuni."

"Ilikuwa sheria, Bibi."

"Kidevuni," alisema Bibi, na simu ikakatika, au aliikata.

Barua tuliyotuma ilikuwa na mistari miwili ya maana. Nesi alinitamkia mwenyewe: Sitarudi kuishi. Kusalimia nitarudi. Nilimsihi tuondoe wa pili, hakuna aliyeuliza, unaweza kuwachanganya, faili litafungwa, nitakufa. Akakataa. "Huo wa pili ndio unaobeba wa kwanza," alisema. Nikausoma ukurasa ule mara arobaini. Nikaurudia tena nikiwa dirishani posta, karani akiwa amenyoosha mkono. Nikatuma na nakala kwa barua pepe.

Hela ziliingia siku ambayo Nesi alikuwa ananawa. Simu ililia kwenye meza, akainama kusoma bila kuigusa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa wa Somanda hakumaliza Baba Yetu. Alikimbia mpaka stendi mikono ina povu, akisukuma watu kwa viwiko. Baadaye alikiri alikuwa amefika "utuopoe".

"Mfalme kalipa!" alipiga kelele mlangoni kwangu. "Nukta! Mfalme kalipa!"

Nilitaka kumwomba anioneshe ujumbe nihakikishe tarakimu. Akanikumbatia kabla sijasema, na kitufe cha printa kikaingia povu, na mpaka leo kinanata.

Josho lilitoka Mwanza juu ya lori, limelala kwenye magunia. Halikuingia mlangoni. Fundi alipendekeza lipunguzwe ncha. Nesi alipendekeza fundi apunguzwe ncha. Wakabomoa ukuta, wakaliingiza, wakajenga ukuta tena. Halafu tulisubiri maji wiki tatu, simtanki limekauka, watu wakija kulitazama likiwa jeupe na tupu. Mzee mmoja kutoka Sapiwi, mfugaji, alilizunguka, akaligonga kwa fimbo, akauliza kwa heshima kama wanaingia wawiliwawili. Mvua ilipokuja ilikuja yote siku moja.

Na mimi nikapata kazi. Niliiomba bila kumwambia mtu, kwa aibu, kwa sababu niliamini sitaipata: kutafsiri fomu na nyaraka, Dodoma. Walinipa mtihani wenye maneno mengi ya T. Basi langu lilikuwa asubuhi inayofuata, hivyo saa kumi nilienda kuaga. Nilikuwa nimejiandalia hotuba fupi. Nilikuwa nimeipunguza mpaka sentensi tano.

"Hodi!"

"Nipo joshoni! Pita!"

"Nitasubiri sebuleni."

"Maji hayasubiri sebuleni. Pita, Nukta, kuna povu la kutosha, hutaona kitu."

Kulikuwa na povu kweli. Alitumia sabuni ya vyombo, harufu ya limao chumba kizima. Kilichoonekana ni kichwa, miwani iliyofunikwa na mvuke, na mkono mmoja ulioshika kitabu cha nyimbo juu ya maji. Pembeni kwenye kigoda palikuwa na kikombe cha chai na kopo la bati, wazi. Nje, kwenye jiko la mkaa, ndoo ya pili ilikuwa inachemka.

"Wanakuchukua Dodoma," alisema.

"Umejuaje?"

"Aliyekukatia tiketi hunawa kwangu, na nguo ya safari umeianika ukutani kwangu. Chukua mchembe."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Chukua. Chukua miwili."

Nilichukua miwili. Hotuba yangu ilikuwa imepotea yote, sentensi zote tano. Nikasimama tu natafuna, mvuke unaniingia machoni.

Akaishusha miwani, akanitazama juu ya povu.

"Utarudi?"

Nikafungua mdomo. Nilijua maana mbili za neno lile, nilijua zinavyoandikwa, nilijua gharama ya kuruka moja. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka mitatu na unaweza kuongezwa. Baada ya hapo sikujua. Nilitaka kumuuliza anamaanisha ipi, ya kuishi au ya kusalimia, ili nijibu kwa usahihi.

"Nukta," alisema, "usijaze fomu."

"Ndiyo," nikasema. "Nitarudi."

"Haya." Akafumba macho, akarudisha kichwa nyuma. "Basi kabla hujaenda niletee ile ndoo ya jikoni. Hayajafika kidevuni."